Mwaka Tuliolipumzisha Friji

Tulipotoka makaburini, baada ya kunawa mikono na kabla wali haujapakuliwa, Kaka Masanja alinivuta pembeni akanipeleka sebuleni kunionyesha tundu ukutani. Lilikuwa tundu la ukubwa wa kidole gumba, usawa wa goti kutoka sakafuni, limezibwa kwa saruji na kupakwa rangi isiyofanana na ukuta. Akaniuliza kama nalikumbuka. Nikamwambia ningelikumbuka hata ningekuwa kipofu, maana ni mimi niliyemshikia fundi bomba siku linatobolewa, na vumbi lote liliingia machoni mwangu. Akacheka, halafu macho yakamjaa machozi, akatoka kwenda kuangalia kama sufuria za nyama zimeshaepuliwa. Tuliyekuwa tumetoka kumzika ni baba yake, Mzee Luhende, ambaye mimi nilimwita Baba Mkubwa kwa sababu alimwoa dada mkubwa wa mama yangu. Alikuwa amevuka miaka themanini. Mkewe, Mama Mkubwa, alimtangulia miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo sasa nyumba ile ya Shinyanga imebaki na makochi, kabati la vyombo, na sisi tuliolelewa humo.

Niliombwa niseme machache. Nilisimama chini ya turubai nikasema Mzee alikuwa mkarimu na alipenda watu, nikaketi. Kila mzee anayezikwa Shinyanga alikuwa mkarimu na alipenda watu, hata wale tuliokuwa tukiwakimbia. Lile lililonijaa kifuani sikulisema. Sikusema kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nusura nimuue yule mzee, kwa nia njema kabisa, nikamwacha mtu mwingine abebe lawama yangu kwa zaidi ya wiki moja. Wala sikusema alichonitendea alipojua. Mambo kama hayo hayasemwi mbele ya watu wanaosubiri pilau. Ndiyo maana nayaandika hapa, polepole, kama mtu anayelipa shukrani iliyochelewa.

Siku hizi nafanya kazi katika zahanati moja huko Geita, na kati ya majukumu yangu ni kulinda friji la chanjo. Asubuhi na jioni nasoma kipimajoto, naandika. Wauguzi vijana wananiita mama mkwe wa friji, kwa sababu mtu akiacha mlango wazi huku akitafuta kalamu, nitamsema mpaka ajute kuzaliwa. Wanadhani ni ukali wa uzee. Hawajui kwamba mimi friji nililijua kwanza likiwa sebuleni, limevalishwa vitambaa vya kufuma, na kwamba somo langu la kwanza la baridi nilifundishwa na kosa.

Lilifika kwa lori la Fuso, mwezi wa tatu. Kaka Masanja wakati huo alikuwa Mwakitolyo, kwenye uchimbaji mdogo, na wachimbaji wakisema duara limetema maana yake shimo limetoa dhahabu. Duara lake lilikuwa limetema mara moja ile ambayo hutokea na haijirudii. Mzungu mmoja wa mgodini Geita alikuwa anarudi kwao na anauza vyombo vyake, na Kaka Masanja, badala ya kununua pikipiki kama wenzake, akamnunulia mama yake friji la milango miwili inayofunguka kama kabati la nguo. Kulia kulikuwa na rafu za chakula. Kushoto kulikuwa na sehemu ya kugandisha, na juu yake kiwanda kidogo cha barafu: maji yanaingia yenyewe kwa bomba jembamba lililopitishwa kwenye tundu la ukutani, yanaganda katika vijumba vyake, kisha yanasukumwa yaanguke katika beseni la ndani. Mlangoni kulikuwa na kishimo. Ukisukumia glasi pale, barafu inakuja na kishindo. Wanaume sita walilishusha, wakaligonga mara mbili kwenye mlango wa jiko la uani, wakakubali kwamba haliingii. Mama Mkubwa wala hakusikitika. Alisema kitu kama kile hakikuumbwa kukaa na kuni, likawekwa sebuleni kati ya redio na dirisha la magharibi, mgongo umebanwa ukutani ili lisichukue nafasi ya makochi.

Sebule ile ilikuwa na makochi manne yenye vitambaa vya kufuma, kalenda tatu ambazo mbili zilikuwa za miaka iliyokwisha, na picha ya harusi ambamo Baba Mkubwa amevaa suti ya kuazima na sura ya mtu anayeshitakiwa. Mama Mkubwa alilifumia friji kitambaa cheupe cha juu, kilichoning'inia hadi nyuma, na kingine cha kushikia mpini. Nailoni iliyokuja nalo hakuibandua. Siku barafu iliposhuka kwa mara ya kwanza tulikuwa mezani, tunakula ugali wa mtama na mlenda. Kikasikika kishindo cha ghafla, na Mama Mkubwa akainua tonge lake juu akauliza nani yumo humo ndani. Baba Mkubwa alicheka mpaka akapaliwa. Kuanzia hapo kila barafu iliposhuka alikuwa akibisha hodi kwa niaba yake, na sisi tunaitikia karibu.

Mwaka ule ulikuwa wa neema, na mimi niliyekuwa nimefeli kidato cha nne niliona kama nimepandishwa cheo. Kazi yangu ilikuwa friji. Wageni walikuja kwa visingizio vya kila aina, na Mama Mkubwa alikuwa akiwaongoza hadi mlangoni pake mmoja mmoja, anawapa glasi, anawaambia sukuma, usiogope. Jirani akiwa na homa ya mtoto alikuja na bakuli. Penye harusi walileta ndoo. Hakumnyima mtu. Na kwa kuwa maji yetu yalikuwa ya chumvi, barafu ilianza kutoka ndogo, yenye ukungu mweupe, kama ina mtindi ndani; na kwa kuwa hatukujua kwamba barafu hunusa kila kilicho jirani nayo, siku moja mchungaji alinywa maji yenye harufu ya dagaa wa Mwanza akamaliza glasi yote kwa imani. Baba Mkubwa alisema yule ni mtumishi wa kweli.

Mama Mkubwa alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuna aliyeuhoji, nami ndiye niliyeutekeleza. Kila siku saa nne asubuhi tulilizima friji, na saa kumi na moja jioni tukaliwasha. Yeye alikuwa amekulia nyuma ya majembe ya ng'ombe. Usukumani ng'ombe wa kulima hufungwa alfajiri, na jua likianza kuwa kali, saa nne hivi, hufunguliwa nira wakapumzika kivulini. Anayewalimisha mpaka adhuhuri ni mtu asiye na huruma, na ng'ombe wake watamfia. Basi alipolisikia friji likinguruma tangu asubuhi bila kunyamaza, alilionea huruma. Aliweka kiganja ubavuni mwake, akakuta pamoto, akasema, "Filiji hili limechoka, mayu. Lifungue lipumue." Mayu kwa Kisukuma ni mama, ndivyo alivyoniita; nami nikazima. Niliona ni busara. Hata nikizeeka sitamcheka kwa hilo, kwa sababu kila alichokuwa nacho katika maisha yake alikuwa amekipata kwa kuwahurumia wanaofanya kazi.

Baba Mkubwa aliugua mwezi wa sita. Kisukari chake kilikuwa kikijulikana tangu zamani, alikuwa akimeza vidonge na kuiba matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, ambavyo alivificha ndani ya kasha la redio akidhani hatujui. Safari hii hospitali ilisema vidonge havitoshi, achomwe sindano, mara mbili kwa siku kabla ya kula. Akapewa chupa ndogo za dawa. Macho yake yalikuwa hayaoni tena vile vistari vya bomba la sindano, kwa hiyo Sista Veronika, muuguzi aliyekuwa jirani yetu, alimfundisha Mama Mkubwa kuchoma. Alijifunza kwa kuchoma chungwa. Alikuwa na mkono mwepesi, na kila alipomaliza Baba Mkubwa alimwambia wabeja, asante kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi. Sista alituambia jambo moja tu juu ya kuihifadhi: ikae kwenye baridi, na mengine yako kwenye karatasi iliyo ndani ya kasha la dawa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Wote wakanitazama mimi, msomi wa nyumba. Niliifungua nikasoma mistari ya mwanzo nikiwa nimesimama, nikaona maneno ni mengi na madogo, nikaikunja. Baba Mkubwa akauliza inasemaje. Nikasema inasema ikae kwenye baridi, nimeisoma yote.

Nikaiweka dawa upande wa kulia, rafu ya kati, ndani ya kopo la siagi. Ikakaa salama mpaka miezi ya joto ilipoingia, ile ya kabla ya mvua, ambapo jua la Shinyanga likishaingia kwa dirisha la magharibi hata sakafu inaungua. Sasa kulizima friji mchana kukawa na matokeo. Jioni nikifungua nakuta kopo limelowa jasho. Barafu ya beseni imeyeyuka juujuu ikashikana, na usiku ikaganda bonge moja, ikawa haitoki mlangoni hata usukume glasi namna gani. Wageni wakaja, na mashine ikanguruma bila kutoa kitu. Mama Mkubwa akasema limechoka zaidi, akaongeza saa moja ya mapumziko.

Mimi nilikuwa nimeshajua, au niseme nilikuwa nimehisi, kwamba dawa inapata joto. Lakini mtoto uliyepokewa nyumbani kwa watu humwambii Mama Mkubwa kwamba huruma yake ina kosa. Nikaona niwe mwerevu kimyakimya. Nikalitoa kopo rafuni nikalihamishia upande wa kushoto, nyuma kabisa, chini ya beseni la barafu, nikafunika kwa pakiti za samaki wa sato. Pale hata friji likizimwa mchana kutwa, baridi haiishi. Ikiwa baridi kidogo ni nzuri, basi baridi kali ni nzuri zaidi. Ndivyo nilivyopiga hesabu. Alfajiri nilikuwa naamka kabla ya wote, naitoa chupa ikiwa ngumu kama kokoto, naifunga kwenye khanga tumboni ikilainika huku nafagia. Mwanzoni niliona vipunje vyeupe vimeng'ang'ania ukuta wa chupa. Nikaitikisa mpaka vikapotea. Halafu nikaiweka mezani kwenye sahani, na Mama Mkubwa akachoma, na Baba Mkubwa akasema wabeja, nami nikajisikia mtu wa maana sana.

Zilipita wiki mbili. Baba Mkubwa alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka safari ya jangwani, glasi juu ya glasi, na kwenda chooni kila mara. Alikonda, mshipi ukatobolewa tundu jipya. Alifanya mzaha, akasema sasa suti ile ya picha ingemwenea. Mama Mkubwa alifikiri ni matobolwa, akapekua redio, hakukuta kitu, naye Mzee akaapa kwamba safari hii hajaiba. Hakuna aliyemwamini, hata mimi. Asubuhi moja tulipokuwa tumekaa kunywa uji, alimwita mkewe kwa jina la dada yake Mzee mwenyewe aliyekufa zamani, akajaribu kusimama, akaanguka kati ya meza na kochi. Nakumbuka kikombe hakikuvunjika. Nakumbuka pia mdomo wake ulikuwa na harufu tamu ya matunda yaliyoiva mno, harufu ambayo leo ningeijua nikiwa mlangoni.

Hospitalini walimwekea maji na dawa mpya, na kwa siku mbili hakuna aliyetuambia kwamba atapona. Waliuliza dawa ilikaa wapi. Mama Mkubwa akasema kwenye friji, tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu Kaka Masanja alifika kutoka Mwakitolyo akiwa bado na vumbi la mashimoni, akamchukua Fundi Salumu waje walitazame friji. Fundi Salumu alikuwa mtu wa mjini pale, kwao Tabora, mpole, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono aliyoivua kabla ya kuinama. Alilivuta friji kutoka ukutani, akaliondolea kitambaa, akatuonyesha vumbi lililojaa nyuma kama sufi. Aligusa mpira wa mlango, akalitazama lile bonge la barafu, halafu akauliza kwa heshima ni nani analizima mchana. Mama Mkubwa akajibu ni yeye, akaeleza habari ya ng'ombe. Fundi hakucheka. "Mama Masanja," alimwambia, "ng'ombe anafunguliwa jua likiwa kali. Hili jua likiwa kali ndipo shamba lake linapoanza." Mama Mkubwa akakaa kwenye kochi.

Nilikuwa kwenye korido na sinia la vikombe wakati Fundi amekwenda kunawa mikono na Kaka Masanja amebaki na mama yake. Sauti ya Kaka Masanja ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyoniumiza. Angefoka ingekuwa nafuu. Alimwambia kila kitu kwake ni ng'ombe, na kwamba baba anakufa kwa mikono yake. Mama Mkubwa hakujitetea. Alisema, "Ni kweli, mwanangu. Ni mimi." Nilirudi jikoni na lile sinia nikaviosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Kesho yake niliutambua ukweli wote, na niliutambua kwa kusikiliza yasiyonihusu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi na chupa ya uji. Pembeni yangu alikuwepo baba mmoja kutoka Isaka, amebeba dawa ya mkewe, kama ile yetu, ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Sista wa zamu alifungua, akatoa kichupa, akakielekeza dirishani. Akamweleza kwamba joto huidhoofisha dawa taratibu, lakini ikishaganda barafu, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima, hiyo ni ya kutupa. Aliye na sindano ya namna hiyo ni sawa na asiye na dawa. Akamwonyesha vipunje vyeupe kwenye kioo. Yule baba akasema asante sista, nisingejua. Mimi nilishika ile chupa ya uji kwa mikono miwili.

Sikusema siku ile. Wala iliyofuata. Nilirudi nyumbani, nikazitoa zile chupa chini ya beseni, nikazitupa chooni, na hilo ndilo ninaloona haya nalo kuliko kosa lenyewe. Kosa lilikuwa ujinga; kutupa kulikuwa akili. Watu wa Pwani husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina cheti, na nyumba ile ilikuwa ndiyo mlango pekee uliokuwa wazi mbele yangu. Niliogopa kufukuzwa kuliko nilivyoogopa dhambi. Wakati huo Mama Mkubwa alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Aliacha kuingia sebuleni. Chakula alikula uani, ameketi kwenye kinu kilicholazwa, matonge mawili basi. Vitambaa vyote alivifumua, uzi akauzungusha kuwa mpira, akampa jirani. Watu wakija kuomba barafu alisema imekwisha, ingawa Fundi Salumu alikuwa ameshabadilisha kichujio cha maji, ameniambia nitupe barafu yote ya kwanza, na mashine inashusha barafu safi isiyo na ukungu, moja moja, bila mtu wa kuipigia hodi. Nilisikia akimwambia Sista Veronika juu ya ua kwamba miaka thelathini na mitano alimlisha yule mwanamume, na sasa haamini hata kumpa maji.

Baba Mkubwa alirudi siku ya tisa, mwembamba, anatembea kwa kushika kuta. Tulifurahi na kulia. Dawa mpya niliipokea mimi nikaiweka rafu ya kati, na friji halikuzimwa tena. Lakini Mama Mkubwa alikataa kuishika sindano. Alisema mikono yake imeshakosea, haitarudia. Siku tatu Sista Veronika alikuja kuchoma asubuhi na jioni, na siku ya tatu alituambia kwamba zamu yake inabadilika, jioni ile hatakuwepo wala wiki nzima inayofuata. Kaka Masanja alikuwa amesharudi Mwakitolyo. Baba Mkubwa haoni vistari. Wote tuliijua hesabu ile: asipopatikana wa kumchoma, atarudi kulekule alikotoka, na safari hii huenda asirudi. Mama Mkubwa alimwambia Sista atamtafuta mtu wa kumlipa. Baba Mkubwa akamtazama mkewe, naye akatazama sakafu. Hapo ndipo nilipoona kwamba kimya changu kilikuwa kinakwenda kumuua mara ya pili.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilipiga magoti mbele ya kochi lake, kama mtu anavyopiga magoti kuamkia, nikasema, "Baba Mkubwa, dawa haikuharibiwa na Mama Mkubwa. Niliigandisha mimi." Nikaeleza yote: kopo, beseni, sato, khanga tumboni, vipunje, na jinsi nilivyozitupa chooni. Nikasema pia kwamba karatasi sikuisoma yote. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Akaniuliza, "Siku zote hizo ulikuwa unanitazama nikilia?" Nikasema ndiyo. Akauweka ungo chini akatoka uani, nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Nilikwisha kupanga moyoni nguo zipi nitafunga na basi gani nitapanda.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Nilingoja Baba Mkubwa aseme. Yeye alikuwa mtu wa reli, alimalizia kazi Isaka kwenye kuhamisha mizigo ya kwenda nchi za jirani, na alianza kusimulia habari za Isaka, nikadhani ugonjwa umemrudia. Alisema kule kazini aliyekosea akakamatwa walikuwa wakimhamisha, lakini aliyekosea akaja mwenyewe kusema, yeye alikuwa akimrudisha palepale, kwenye reli ileile, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayepaangalia mahali pale kama huyo. Kisha akauliza karatasi iko wapi. Nikaileta, ilikuwa ndani ya Biblia. Akaniambia nilete na kamusi niliyofelia mtihani. "Soma," akasema. "Safari hii yote."

Nilisoma kuanzia hapo mpaka jua likaingia kwa dirisha la magharibi. Kila neno nisilolijua nililitafuta, nikalisema kwa Kiswahili, na Mama Mkubwa, aliyekuwa ameketi kwenye kochi kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alilirudia kwa Kisukuma ili liingie. Tulipofika mahali palipokataza kuigandisha, Baba Mkubwa alisema rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena. Halafu akamgeukia mkewe akamuuliza kama amesikia popote palipoandikwa kwamba friji lipumzishwe. Mama Mkubwa akasema hapajaandikwa. Akaniuliza na mimi kama nimepaona. Nikasema sijapaona. Akasema basi wote wawili mmefeli, na akatabasamu kidogo, na Mama Mkubwa akaanza kucheka huku analia, akafuta pua kwa ncha ya kitenge.

Nilikaa nyumba ile miaka miwili zaidi, nikarudia mtihani, nikaenda chuo cha uuguzi, na Baba Mkubwa akaishi miaka mingine ishirini na ushee, akawaona wajukuu, akaiba matobolwa mengi. Watu wengi wamenisamehe mambo katika maisha haya. Wengi wao walisema nimekusamehe, kisha wakaficha funguo. Ndiyo maana nataka kuisimulia jioni ile hadi mwisho, kama ilivyokuwa.

Saa kumi na mbili ugali ulikuwa tayari, na samaki wa kuchemsha. Mama Mkubwa alikuwa ametenga chakula mezani, sebuleni, si uani. Baba Mkubwa alijishika kwenye meza akainuka, akaenda mwenyewe mpaka kwenye friji, akafungua mlango wa kulia, akapapasa rafu ya kati, akatoa chupa. Akaufunga mlango vizuri, akausukuma tena kuhakikisha. Alirudi akaiweka chupa kwenye viganja vya mkewe, akavifumba viganja vyake yeye juu ya vya mkewe, akaanza kuizungusha taratibu pamoja naye kama karatasi ilivyosema, mpaka mkewe akaendelea kuizungusha peke yake, ndipo akamwachia. Sindano akanipa mimi. Akaketi, akainua shati, tumbo lake lililokonda likawa wazi mbele yetu sisi wawili tuliokaribia kumwua.

"Chomeni," akasema. "Chakula kinapoa."